Bustani ya nyumba, jukwaa la jioni moja: jinsi ya kuandaa onyesho la mavazi juu ya udongo mweusi

Mteja akinipigia kuhusu onyesho la mavazi nyumbani kwake, picha atakayonitumia naijua kabla hatujaagana. Ni ile ya Jacquemus, Juni 2019, kule Valensole nchini Ufaransa: zulia refu la waridi limepasua katikati ya shamba la lavenda. Ni picha nzuri, sina neno. Ila lavenda ni mmea wa jua na ardhi inayopitisha maji upesi. Ipande hapa kwetu Nyamasaria, Kisumu, mwezi wa pili, mvua za Aprili zikipita umebaki na vijiti vya kuwashia jiko. Na zulia juu ya nyasi ni hadithi ndefu, tutaifikia kwenye hatua ya tatu.

Nimetoka juzi kumsaidia mshonaji mmoja ambaye majirani humwita Nyar Kano, yaani binti wa Kano kwa Kijaluo, nami nitamwita hivyo hivyo. Alikuwa na mavazi 24, wageni 80 na uwanja nyuma ya nyumba ambao wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza kiganja. Alitaka mambo mawili: bustani ya kuishi nayo na jukwaa la Jumamosi moja jioni. Nilimwambia ninalowaambia wote: tunatengeneza bustani kwanza, onyesho litakuja kama mgeni. Ukianza na onyesho, pesa yako yote inapanda lori la mapambo Jumapili asubuhi, unabaki na mashimo ya vigingi.

Ujipe miezi miwili na nusu. Ukiwa na wiki mbili tu, kodi ukumbi.

Hatua ya 1: Kaa kwenye kiti cha mgeni

Beba kiti cha plastiki, nenda uwanjani saa kumi na moja jioni, ukae. Usichore kitu bado. Angalia jua linakokupiga, angalia kamba ya nguo, njia ya kuku, choo cha nje, tangi la maji, na ukuta wa jirani ambao hakuna anayetaka uonekane kwenye picha.

Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo jua la Kisumu halina hila: mwaka mzima linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja kasoro hivi. Njia ya kupita wanamitindo ilale mashariki kwa magharibi, wageni wakae kaskazini na kusini mwake. Hapo hakuna anayefinya macho. Mwanamitindo anatoka mashariki akilifuata jua, mwanga wa dhahabu unamwangukia usoni, na wapiga picha wanasimama upande wa magharibi jua likiwa mgongoni mwao. Onyesho tulianza saa kumi na mbili kasoro kumi. Ukianza mapema zaidi, watatembea wamekunja nyuso kama watu waliokunywa dawa ya kienyeji.

Kisha uliza swali moja: njia hii itatumika na nani Jumatatu? Kwa Nyar Kano kulikuwa na veranda upande wa mashariki na mwembe mkubwa upande wa magharibi, tangi la maji likiwa chini ya mwembe. Kila siku mtu anakwenda na ndoo. Hiyo ndiyo njia yetu. Jukwaa la jioni moja, barabara ya ndoo maisha yote.

Hatua ya 2: Vipimo

Hapa kuna hesabu kidogo tu. Mita 16 kutoka veranda hadi mwembe. Kiti kimoja hula sentimita 60, viti 20 kwa mstari ni mita 12, mistari miwili kila upande, wageni 80 wametosha. Mstari wa nyuma uweke juu ya paleti na ubao, na viti vikae kwenye mwanya wa vile vya mbele.

Mwanamitindo anatembea karibu mita moja kwa sekunde: 16 kwenda, 4 za kusimama, 16 kurudi. Ukitoa vazi jipya kila sekunde 20, mavazi 24 yanakwisha kwa dakika nane na kitu. Mteja akisikia dakika nane huwa anashtuka. Mwambie mapema, asije akadhani umemwibia.

Upana ndio watu hukosea. Pima vazi pana kuliko yote likiwa limevaliwa, siyo likiwa kwenye henga. Nyar Kano alikuwa na gomesi, lile gauni refu la kitamaduni la Uganda, aliyoibuni upya, mabega yamepandishwa na sketi imetanuka mita moja na nusu. Njia ya nyumbani inatosha mita 1.2. Basi tulijenga mita 1.2 ya kudumu, tukaongeza ubao wa sentimita 40 kila upande wa muda. Jumla mita mbili.

Hatua ya 3: Ardhi (usiruke hapa hata ukiruka kwingine kote)

Udongo mweusi wa uwanda wa Kano, ule mafundi wa mjengo wanaouita blakikotoni, ni udongo unaopumua. Ukinywa maji unavimba, ukikauka unasinyaa na kupasuka. Mvua ya saa moja inaugeuza gundi. Nimefanya kazi Nakuru pia, kule ni majivu ya volkano: mwaga ndoo, ukigeuka maji hayapo, na shida yako ni vumbi na mimea kuwa na kiu. Huku shida ni kinyume. Mtu akikupa mwongozo wa bustani bila kukuuliza uko Nakuru au Kano, mshukuru na uuweke kando.

Jaribio la kwanza: chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini na 30 upana. Lijaze maji, yaishe, lijaze tena, uanze kuhesabu. Nakuru niliwahi kusubiri dakika chache tu. Kwa Nyar Kano nilijaza saa tatu asubuhi, kesho yake saa tatu maji yalikuwepo na chura ameshahamia.

Jaribio la pili ni langu mwenyewe na watu hunicheka kwa ajili yake. Katika sanduku la vifaa nina kiatu kimoja chekundu cha kisigino kirefu, namba 39, cha mtumba kutoka soko la Kibuye. Kimoja tu. Muuzaji aliniuliza, "Omera, mguu wa pili uko wapi?" Nakiweka ardhini, naweka kiganja ndani pale penye kisigino, naegemea kwa uzito wangu wote. Kikizama, hapo hapapitiki. Fikiria hivi: mtu wa kilo 55 akikanyaga kisigino chembamba, kwa nukta moja karibu uzito wote unapita kwenye eneo la sentimita mraba moja. Soli bapa ingeusambaza kwenye zaidi ya sentimita mraba mia moja. Kwa hiyo usiniambie "mbona mimi nimepita na gambuti sikuzama?"

Sasa hadithi ya zulia. Miaka michache nyuma, nyumba nyingine upande huo huo wa Kano, nilichimba mtaro wa sentimita 20, upana mita moja na nusu, nikajaza maramu, ule udongo mwekundu wa changarawe wa barabarani, nikashindilia, nikatandika zulia. Nilijivuna kweli. Ijumaa saa kumi na mbili jioni wingu likatoka upande wa milima ya Nandi kama kawaida yake, ikanyesha saa mbili mfululizo. Jumamosi asubuhi jua likawaka, zulia likakauka juu, likapendeza. Saa sita mchana tukaanza mazoezi. Msichana wa kwanza akapita, wa pili akapita, wa tatu kisigino kikaingia chote hadi soli ikabusu zulia. Akavuta mguu, kiatu kikabaki. Akaendelea kutembea na kiatu kimoja, uso haukubadilika, Mungu ambariki.

Nikafunua zulia. Chini yake maramu ilikuwa uji. Siyo uji wa kikombe, uji wa sufuria ya matanga.

Kosa halikuwa maramu, na halikuwa mvua. Ukichimba mtaro ndani ya udongo usiopitisha maji, ukasawazisha sakafu yake, umetengeneza hori la ng'ombe. Maji ya uwanja mzima yanakuja kukaa humo, chini ya kazi yako, na hayana pa kwenda. Tulichimba mlango wa maji kwa saa tatu, wanaume wanne na mimi, tukakimbia kutafuta plaiwudi ya milimita 18 mji mzima, tukaipigilia juu ya paleti za kuazima. Onyesho lilifanyika. Suruali niliyovaa siku hiyo niliitupa.

Kwa hiyo sasa nafanya hivi.

Kwanza natafuta sehemu ya chini kuliko zote uwanjani, pale mfereji wa maji utakapotokea. Kwa hili natumia mpira wa maji: mpira mwembamba unaoonyesha ndani, mita 20, umejazwa maji na kutolewa mapovu yote. Ncha moja kwenye kigingi hiki, nyingine kwenye kile, maji yenyewe yanakuambia ukweli. Vijana huniletea simu zenye programu ya kupima usawa. Ziweke mfukoni. Simu inapima ubao ilioegeshwa juu yake, haipimi mita 16 za uwanja. Mapovu tu ndiyo adui wa mpira: povu moja katikati linaweza kukudanganya sentimita kadhaa, na utajua siku ya mvua. Pitisha kidole mpira wote ukiwa juani, ulitazame povu likitembea mpaka litoke.

Sakafu ya mtaro iwe na mteremko wa sentimita moja kila mita. Kwa mita 16 ni sentimita 16, macho hayaoni, maji yanaona. Mwisho wa mteremko upasue mfereji hadi nje ya eneo, ujaze mawe. Kwetu uliishia kwenye kitanda cha kanna na migomba, mimea isiyolalamika ikilowa miguu.

Chimba udongo ukiwa na unyevu kidogo tu. Ukiwa mkavu kabisa jembe linaruka, ukiwa mbichi utaukanda kama chapati na hautakaa sawa tena. Ule mweusi uliochimbua usiurudishe njiani hata konzi moja. Upeleke kwenye vitanda vya maua ukauchanganye na samadi.

Ndani ya mtaro tandika magunia ya nailoni yaliyopasuliwa, yapandane kama vigae. Yanazuia udongo usipande kumeza mawe. Kuna kitambaa maalumu cha kazi hiyo madukani, ni kizuri, na kwa barabara ya magari ningekinunua. Kwa njia ya ndoo na visigino, magunia ya mbolea yanatosha. Juu yake mawe ya ukubwa wa ngumi, sentimita 10. Kisha maramu, tabaka mbili, kila moja ishindiliwe peke yake ikiwa na unyevu wa kushikana ukiifinya mkononi bila kutoa maji. Ukimwaga yote mara moja na kushindilia juu, umeshindilia ngozi tu. Mtaro wa mita 16 kwa 1.2 kwa sentimita 20 unameza karibu mita za ujazo 4, na kwa sababu unashindilia na unataka njia ipande juu ya uwanja, agiza moja au mbili zaidi. Dereva wa lori atakuapia kwamba hii ni tani saba. Panda juu uangalie.

Njia imalizike sentimita tano hadi saba juu ya nyasi, na katikati iwe na mgongo kidogo, sentimita mbili, maji yamwagike pande zote mbili. Mgongo ukizidi, mwanamitindo mwenye kisigino atatembea kama anayepanda ukuta.

Bado hatujamaliza, kwa sababu maramu ni nyekundu na gauni la harusi ni jeupe. Juu kabisa weka sentimita mbili za dasti, ule unga wa kijivu unaobaki kwari baada ya kuponda kokoto. Ukinyunyiziwa maji na kushindiliwa unashikana karibu kama saruji, na kijivu chake kinafanya kila rangi ya kitambaa isimame. Saa moja kabla ya wageni, nyunyiza tena kwa kopo la bustani, siyo kwa mpira. Unataka vumbi lilale, hutaki matope. Halafu leta kiatu chekundu, ukiegemee kila nusu mita, katikati na kingoni. Kingo ndizo hudanganya.

Jaribio hilo lirudie baada ya mvua moja nzito. Mvua isipokuja, mwaga mapipa mawili ya maji usiku, ujaribu asubuhi. Nyar Kano aliniona namwaga maji ya tangi lake akashika kiuno. "Fundi, maji ya kununua hayo." Nikamwambia ni nafuu kuliko kisigino. Kikazama sehemu moja, karibu na mwembe, penye mzizi uliooza. Tukafukua, tukajaza upya. Hilo shimo lingemeza mtu siku yenyewe.

Hatua ya 4: Ukuta wa mafunjo

Nyuma ya wanamitindo panahitaji kitu cha kuficha chumba cha kubadilishia nguo. Ningeweza kuweka kitambaa cheupe na maua ya plastiki kama kila harusi ya mji huu. Sitaki. Tuko na ziwa hapa, na ziwa lina togo, ndivyo Wajaluo wanavyoyaita mafunjo.

Mafunjo hununuliwa kwa watu wa kinamasi cha Dunga wanaoyakata kwa kazi ya mikeka na vikapu. Agiza siku tatu kabla, uende mwenyewe na uchague shina nene zilizokomaa. Nenda kwa anayekata kwa zamu, sehemu hii leo na ile mwezi ujao. Kinamasi kile ni nyumba ya ndege wasioishi popote pasipo mafunjo, na kikikatwa chote kwa pamoja ndege hawana pa kuhamia. Tuktuk ya mizigo inabeba vya kutosha ukivifunga vichwa nyuma.

Tulitaka ukuta wa mita 8, kimo mita 2.5. Fito za mkaratusi zilichimbiwa sentimita 60, kila mita mbili, na vigingi vya kushikilia kwa nyuma. Mafunjo yanafungwa vicha vya unene wa mkono, kisha vicha vinafungwa kwenye fito za kulala. Acha nafasi kati ya kicha na kicha, karibu theluthi moja ya ukuta iwe wazi. Upepo wa ziwa huanza adhuhuri, na ukuta usio na tundu ni tanga la jahazi.

Na sasa la muhimu: usifunge kwa waya, usifunge kwa kamba ya mkonge. Shina la mafunjo limejaa maji, likikauka linasinyaa. Fundo uliloliachia Alhamisi limebana, Jumamosi linacheza, na vicha vinateleza kimoja kimoja chini kama wazee wanaosinzia kwenye baraza. Nenda kwa mafundi wa baiskeli uombe tyubu zilizochoka, uzikate nyuzi za upana wa kidole. Mpira unavutwa, unafungwa, na kadiri shina linavyopungua mpira unalifuata. Ukitaka uzuri, zungushia mkonge juu yake.

Vichwa vya mafunjo, ile mikia ya kijani inayotawanyika, huanza kulala siku ya pili. Kwa hiyo ukuta unaujenga kwa mashina, na vichwa unaviagiza asubuhi ya onyesho, unavichomeka juu mchana wakati kila mtu mwingine anakula. Shina za ukuta zitakuwa zimeanza kugeuka manjano. Hapo ndipo panapopendeza: manjano chini, kijani juu.

Mshumaa, kibatari, mwenge, hata fataki ndogo za keki, hapana. Mafunjo makavu ni kuni. Ndoo mbili za maji nyuma ya ukuta na mtu mmoja anayejua ziko wapi.

Kuna atakayekushauri uongeze gugumaji kwenye beseni kwa sababu maua yake ni ya zambarau. Ni kweli ni mazuri. Huo mmea ulitoka Amerika ya Kusini, na wavuvi wa ghuba hii wanajua ulivyofunga njia za mashua. Shina zilizokaushwa na kusukwa ni sawa, nunua viti na vikapu vyake. Ulio hai usiuingize kwenye bwawa la mtu.

Hatua ya 5: Mimea isiyokula nguo

Panda wiki nane kabla, kwenye vitanda vilivyoinuliwa sentimita 30, udongo mweusi ukichanganywa na samadi iliyooza na mchanga wa kutosha. Kanna, ndege wa paradiso, helikonia mahali penye kivuli cha mwembe. Hii yote wauza miche wa kando ya barabara wanayo, na wanapunguza bei ukinunua kumi.

Kwa upande wa nyumba: mti wa kiu kubwa, mkaratusi au mkuyu wa mapambo, usiupande karibu na ukuta. Unanyonya maji ya udongo mweusi, udongo unasinyaa, nyumba inapasuka. Mimi huacha umbali usiopungua kimo ambacho mti utafikia ukikomaa.

Kwa upande wa nguo: kabla hujaamua nini kikae kingoni, chukua kitambaa cha shifoni, kipitishe juu ya mmea taratibu kama sketi inayopita. Bogenvilia itakikamata. Yuka itakichoma. Mchaichai ndio ulionishangaza. Niliuweka kingoni kwa ajili ya harufu, sketi ikigusa inuke jioni nzima, wazo zuri kabisa. Kumbe ukingo wa jani lake ni msumeno mdogo. Shifoni ya rangi ya machungwa ikavutika uzi mmoja kutoka kiunoni hadi pindoni, na Nyar Kano akanitazama bila kusema neno. Tukausogeza nyuma sentimita 50, mbele tukaweka mrehani. Harufu ilibaki, na wageni wa mstari wa mbele ndio waliougusa kwa magoti.

Ukikosa wiki nane, tumia miti mikubwa ndani ya magunia. Dior walifanya hivyo Paris Septemba 2019: miti zaidi ya 160 na mizizi yake imefungwa, wanamitindo wakapita katikati, baadaye miti ikaenda kupandwa. Sisi tulikuwa na tisa. Gunia usilifiche, lioneshe, lina heshima yake. Ila limwagilie kila jioni, kwa sababu gunia linakauka upesi kuliko shimo.

Hatua ya 6: Taa na stima

Chukua taa za rangi ya joto, sanduku huandikwa 2700K. Nyeupe kali inaita wadudu wote wa ziwa, nao watatua juu ya gauni jeupe na juu ya midomo iliyopakwa rangi. Taa ziwe chini, zikimulika mafunjo kwa nyuma, na moja kubwa nyeupe iwekwe mbali, kona ya uwanja, kama chambo. Wadudu waende kule.

Panga kana kwamba stima itapotea saa kumi na mbili na robo. Taa za betri njiani, jenereta nyuma ya nyumba. Nyaya zipite juu, zisipite kwenye nyasi zilizomwagiliwa.

Muziki: dakika ya kwanza tuliacha bila. Vyura wa Nyamasaria walikuwa wameshaanza, na mafunjo yalikuwa yanasugua. DJ alidhani spika zimekufa.

Hatua ya 7: Mazoezi

Viatu vyenyewe, nguo zenyewe, saa ile ile, siku moja kabla. Basi.

Hatua ya 8: Asubuhi yake

Mafunjo yakate vipande, uyatandaze kwenye vitanda kuzuia magugu. Mipira ya tyubu ikusanye, utaitumia tena. Mashimo ya fito yajaze maramu, usijaze udongo mweusi, la sivyo utapata vishimo vya kuvunjia miguu mvua ikija. Miti ya magunia ipande siku hiyo hiyo, kata gunia chini na pembeni, usilivute lote ukaondoka na mizizi.

Zile mbao za sentimita 40 za pembeni ziondoe kabla ya siku ya tatu. Nyasi chini yake huanza kuwa njano, na kwa Nyar Kano tulichelewa hadi Jumatano, kwa hiyo mpaka leo kuna mistari miwili iliyopauka kando ya njia ya ndoo, na mjukuu wake anaendesha baiskeli ya matairi matatu katikati yake.